Diploma ya Jumamosi na Cucu Wangeci

Shiku wa jirani, yule msichana anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee na kusomea diploma wikendi, alikuja kwangu juzi na soda mbili na maandazi. Nikajua anataka kitu.

"Cucu, tuko na siku ya kukaribisha wanafunzi wapya," akasema. "Si ukuje uwaambie ka-story kadogo ka kuwapea moyo. Wewe ndiye wa kwanza kusomea hii kitu huku kwetu."

Nikamwambia soda nitakunywa, lakini hadithi ya kuwapa watu moyo sina. Niliyo nayo ni hii, na mwalimu wenu akiona haifai kusomwa darasani, isomeni nje, chini ya dirisha lake.

Jina langu ni Nyambura; Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu, ni heshima ya uzee tu. Nimeosha wazee, nimewalisha na kuwavalisha mpaka magoti yangu yakagoma nikaambiwa nipumzike. Nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee ya kanisa, nje kidogo ya mji wa Nyeri ukielekea Tetu. Ni kanisa gani, siandiki, kwa sababu nyumba yenyewe bado ina wazee ndani na hao hawajanikosea. Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa na chumba mwisho wa korido, chumba cha waliopotewa na kumbukumbu. Ugonjwa wenyewe hatukuujua jina. Tulisema mtu amerudi utoto. Majirani walisema amelaaniwa, na familia nyingine zilituletea mzazi wao na mfuko wa nguo, zikatokomea.

Na sisi wenye kulipwa tulifanya nini? Tulifunga. Mzee mwenye kuzurura alifungwa kwenye kiti kwa leso, fundo likiwa nyuma asilifikie, na hapo tukaenda kufagia. Fundo lenyewe tulifundishwa na Matroni, mwanamke mcha Mungu aliyewapenda wale wazee kwa dhati. Tuliita huo usalama. Hamwezi kuamini jinsi mtu mwema anavyoweza kufunga fundo zuri.

Kwa hiyo chuo kimoja mjini kilipotangaza diploma ya kuwatunza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, masomo ya Jumamosi tupu kwa watu walio kazini, nilikimbia kujiandikisha. Kazi wiki nzima, shule Jumamosi, kanisa Jumapili, na ng'ombe wa kukamua katikati. Mume wangu alikuwa akiwaambia watu ati yeye ameoa mwanafunzi uzeeni. Matroni alituahidi kwamba atakayemaliza ndiye atakayewekwa kuwa msimamizi wa kile chumba. Nilikitaka kile cheo, sifichi. Nilikitaka ili niwe na ruhusa ya kuzichoma zile leso.

Darasani tulikuwa watu wazima wote, wenye kuamkia kazini na kusinzia shuleni. Kulikuwa na Halima wa Nanyuki, ambaye babake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo na sasa alikuwa amesahau kila kitu ila mbuzi. Kutwa alihesabu mbuzi wasiokuwepo, na mmoja akipungua hakuna aliyekula chakula cha mchana nyumba ile. Halima alikuwa amegundua dawa yake: anatoka nje, anakaa kidogo, anarudi akisema, "Baba, nimempata, alikuwa kwa jirani." Alipolisema hilo darasani mwalimu wetu alimwambia kwamba kudanganya mgonjwa si utaalamu. Halima akaketi, akaninong'onezea, "Basi Jumamosi ijayo akuje amtafute yeye."

Mwalimu mwenyewe alikuwa Bi. Murugi, mwembamba, mkali wa saa, aliyesomea ng'ambo na kurudi. Nisimsingizie, mwanamke yule alijua kazi. Mengi aliyotufundisha bado nayaona ni kweli, na kwa kuwa nyinyi ndio mnaoanza, chukueni. Usimwendee mtu wa kusahau kutoka nyuma; jitokeze mbele yake, upande wa mwanga, useme jina lako hata kama umelisema asubuhi. Kabla ya kumwosha uso, muoshe mikono, ayajue maji kwanza. Akikataa uji, usimbembeleze, keti naye unywe wako. Mkeka mweusi mlangoni yeye anaona shimo. Sisi tulikuwa na mzee aliyegoma kutoka chumbani muda mrefu, tukimwita mkaidi, na siku tulipoutoa mkeka akatoka mwenyewe akaenda kuota jua.

Na jambo kubwa kuliko yote alilotufundisha Bi. Murugi ni hili: kusahau hakufuti kile moyo ulichohisi. Mtu atasahau kwamba ulimgombeza asubuhi, lakini uchungu utakaa naye hadi jioni, na hatajua ulikotoka. Nililiandika hilo kwa herufi kubwa. Yeye mwenyewe sijui kama alilisikia alipokuwa akilisema.

Lakini pia tulifundishwa upuuzi, na tulipasi mtihani wa upuuzi. Mwaka wa kwanza ilikuwa ni kumrudisha mgonjwa kwenye ukweli. Nikatundika ubao chumbani: leo ni siku fulani, mwezi fulani, hali ya hewa ni mvua. Kila asubuhi niliwauliza. Cucu Wangeci, ambaye ndiye hasa wa hadithi hii, alinitazama akanijibu, "Kwani wewe hujui? Na ndiye unayeenda shule?" Hilo tulicheka. Ila kulikuwa na mzee aliyeuliza kila siku mkewe yuko wapi, na mimi kwa utaalamu wangu mpya nilimwambia kila siku kwamba mkewe alifariki. Kila siku alilia kilio cha mtu anayepewa habari hiyo kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa ya kwanza. Mwaka wa pili Bi. Murugi akaingia darasani akasema, "Hiyo mbinu siku hizi tumeiacha." Basi. Tumeiacha. Mzee alikuwa ameshazikwa, na hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba tumeiacha.

Sasa Cucu Wangeci. Alikuwa mwanamke mfupi wa huko Tetu, wa miaka sabini na kitu, mwenye kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilichopinda kikabaki hivyo. Kiswahili hakuwa nacho. Maneno yake yote hapa ni ya Kikuyu, mimi ndiye ninayeyatafsiri. Aliniita Nyawira, jina la binti yake mkubwa, na nilipomaliza ule mwaka wa ukweli nikaacha kumkosoa. Nikawa Nyawira. Alikuwa mpole, mwenye utani, na alikuwa na tabia moja tu ya ajabu: kipande cha mkate au kiazi alikificha kifuani ndani ya nguo, na jua likianza kushuka alitafuta njia ya kutoka. Tulidhani ni uchoyo wa uzee.

Mwaka wa pili mbinu mpya ilikuwa ya kumbukumbu. Mnampa mzee kitu cha ujana wake ashike, mnamuuliza maswali ya taratibu, na ile kumbukumbu ya zamani, ambayo ndiyo ya mwisho kufa, inamrudishia utu wake. Vitabu vya Bi. Murugi vilikuwa na vikongwe wa Uingereza wameshika vikombe vya maua wakitabasamu. Mtihani wetu wa mwisho, ule wa vitendo, ungekuwa huo. Kila mmoja angefanya kikao na wazee wake, mkaguzi kutoka nje akitazama.

Niliinua mkono. Nikasema, "Mwalimu, ujana wa hawa wetu ulikuwa Emergency."

"Vizuri zaidi," akajibu. "Kumbukumbu yenye hisia ndiyo yenye nguvu."

Emergency, vijana, ni ile hali ya hatari ya miaka ya hamsini, Mzungu akiwawinda Mau Mau msituni. Mwalimu alikulia Nairobi, na nyumbani kwao nadhani mambo hayo hayakutajwa. Hata kwetu hayakutajwa. Mimi nilizaliwa wakati huohuo, na niliyoyajua niliyaokota kama kuni, kijiti hapa na kijiti pale.

Nilimchagua Cucu Wangeci kwa sababu ya mikono yake. Mpe uzi wa mkonge, hata akiwa amesahau jina lake, kikapu cha kiondo kinaanza. Mwanawe Wachira, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuja kumwona kila mwisho wa mwezi na sukari na ndizi, nilimweleza habari za mtihani nikamwomba ruhusa. Akakubali, kisha akanivuta kando.

"Madam, hiyo ya kiondo ni sawa tu," akasema. "Lakini vitu za Emergency usimuulize. Tafadhali."

Akaniambia. Mdogo wa mamake, Ndirangu, alikuwa msituni, na mamake ndiye aliyempelekea chakula, amekificha kifuani, jua likishuka kabla ya amri ya kutotoka nje. Asubuhi moja homgadi, wale askari weusi wa serikali ya kikoloni, waliwatoa wanawake wa kijiji wakawaketisha chini kwa mistari, na gakunia akapita. Vijana, hamjui gakunia. Ni mtu wa hukuhuku kwetu, jirani yako pengine, aliyefunikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho asijulikane. Anapita mbele ya watu walioketi, anamtazama kila mmoja, na akitikisa kichwa, huyo anachukuliwa. Alitikisa kichwa kwa Wangeci. Walimpiga siku nyingi. Kidole kilivunjwa hapo. Ndirangu alipo hakusema.

"Hata sisi watoto hajawahi kutuambia," Wachira akasema. "Tulisikia kwa uncle mwenyewe. Yuko hai, ako Kutus, ana wajukuu. Madam, hiyo kunyamaza ndiyo kitu ya maana mama alifanya kwa hii dunia. Hajui mwaka, hajui mimi ni nani, lakini iko ndani."

Nikamwahidi. Na nikapanga kikao changu kama mtu anayepitisha mayai sokoni. Kiondo, uzi, wimbo wa kuvuna mtama, maswali ya rangi na ya kutia nakshi. Tulifanya majaribio mara kadhaa pale ndani, nikamweka Cucu Wangeci na wazee wenzake watano, na ilikuwa furaha tupu. Alinifundisha fundo la kuanzia kitako cha kiondo, akanipiga kwenye mkono nilipokosea. Nilisema moyoni, hii diploma ni yangu, na hiki chumba ni changu.

Siku ya mtihani ilikuwa Julai. Mnaijua Julai ya kwetu, ukungu umelala chini na baridi inauma mifupa. Mkaguzi alikuja na Bi. Murugi, mwanamume wa makamo, mwenye heshima, mtu wa huku kwetu kabisa ingawa alifanya kazi mbali. Alituletea hata mkate. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Akatazama chumba akasema kina giza, haoni nyuso, na nyuso ndizo zinazopewa alama. Twende nje kwenye nyasi. Nikasema wazee watapata baridi. Akasema ni dakika chache, tutandike blanketi. Viti havikutosha. "Hawa wazee wetu si wamezoea kukaa chini," akasema, na akacheka vizuri, bila ubaya. Kwa kuwa hakuwajua majina, akaomba kila mmoja avishwe kadi ya jina kwa kamba shingoni. Bi. Murugi alikuwa nazo tayari. Tukawaketisha kwa mistari miwili ili asikose kumwona yeyote. Mimi mwenyewe nilizipanga zile blanketi, nikihangaika na baridi, nikihangaika na nyuzi zangu, na katika kuhangaika huko sikuona tulichokuwa tunakijenga.

Nikaanza. Cucu Wangeci alishika uzi, mikono ikaenda. Na yule mkaguzi, masikio yakimuuma, akavuta kofia ya koti lake jeusi, akaikaza kamba mpaka ikafunika pua, yakabaki macho. Akaanza kupita mbele ya mistari. Alisimama mbele ya kila mzee, akamtazama, akatazama kadi iliyoko shingoni, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameridhika, akaenda kwa mwingine.

Uzi ukasimama. Nilimwona Cucu Wangeci akiichukua kadi yake na kuisukuma ndani ya nguo polepole, macho chini. Mkono wake wenye kidole kilichopinda ukanishika goti, akaniambia kwa sauti ndogo kabisa, "Nyawira, usiinue uso. Wewe hujui kitu."

Hapo ndipo nilipoona. Nikasema, "Bwana mkaguzi, tusimamishe hapo." Nikasema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kiingereza. Lakini yeye alikuwa amelisikia lile neno la Cucu, na uso wake ukang'aa, kwa sababu kwake ule ulikuwa ushindi. Kumbukumbu inaamka mbele ya macho yake. Akachuchumaa, kofia ileile kichwani, akamwuliza kwa Kikuyu kitamu, kwa upole wa mtoto wa nyumbani, "Mama, hajui kitu gani?"

"Hajui," akasema Cucu. "Chakula nilipeleka mimi."

"Ulimpelekea nani?"

Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowafundisha watoto. Nikasimama niingie kati yao, na Bi. Murugi akanishika mkono kwa nguvu akanivuta nyuma. "Nyambura, keti," akaninong'oneza. "Utapoteza alama zote. Ni ya ajabu hii, mwache."

Nataka mlielewe vizuri hilo, kwa sababu mimi nimelitafuna miaka mingi. Cucu Wangeci asingesema kwa ajili ya swali la yule bwana. Viboko vilishindwa, swali la upole lingeweza nini? Lakini aliinua macho akamwona Nyawira wake ameshikwa mkono na mtu, anavutwa.

"Mwacheni mtoto," akasema. "Mwacheni, nitasema. Ni Ndirangu. Yuko kwenye pango juu ya mto, mkipita mianzi. Mwacheni mtoto."

Kisha akavitoa vipande vya mkate vilivyokuwa kifuani, akaviweka kwenye nyasi mbele ya viatu vya mkaguzi, kimoja baada ya kingine.

Mkaguzi akaivua ile kofia, macho yamemlowa kwa furaha ya kazi yake. Akanipa mkono. Alisema katika ukaguzi wake wote hajaona kumbukumbu ya miaka arobaini ikitoka wazi namna ile. Nilimweleza ni nini alichokifanya. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba ni kweli jambo lile ni zito, na ndiyo sababu lina thamani ya kitaaluma. Nilipasi kwa daraja la juu kuliko wote. Kikao changu kikawa mfano wa kufundishia, na waliokuja nyuma yangu walikisoma miaka mingi. Huenda na nyinyi mtapewa. Mkiona pahali pameandikwa ya kuwa mgonjwa "alishiriki kwa hisia", jueni ni yeye.

Kabla chai ya wageni haijapoa, Cucu Wangeci alikuwa ameshasahau wageni. Alisahau nyasi, alisahau kadi. Lakini nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa kile ambacho hakisahauliki. Kesho yake alisukuma uji. Nilikaa nikanywa wangu mbele yake kama nilivyofundishwa, haikusaidia. "Mimi si mtu wa kula na watu," akaniambia. "Nimemuuza mtu." Nikamwuliza ni nani, akafikiri sana, hakukumbuka. Hilo ndilo lililonimaliza. Jina lilikwenda, siku ilikwenda, ikabaki kwamba yeye ni mwuza watu. Hakuficha tena mkate. Jua likishuka hakuutafuta mlango.

Nilijaribu ukweli. Nilimwambia Emergency iliisha, tulipata uhuru, Ndirangu ana wajukuu. Alinitazama kama mtu anayebembelezwa na mwongo. Basi nikafuata dawa ya Halima. Nikatoka nje, nikarudi nikihema, nikasema, "Mama, hawakumpata. Alikuwa amehama pango kabla hawajafika." Akashusha pumzi, akala vijiko vichache. Kesho yake asubuhi nilimkuta palepale, nikaanza tena. Niliyasema maneno hayo kila siku ya kazi, na siku nisizokuwepo hakuna aliyeyasema vizuri. Nilipomweleza Bi. Murugi kwamba mgonjwa wangu anakonda, alisema kwa masikitiko ya kweli kwamba huo ni ugonjwa unaoendelea mbele, nisijilaumu. Mimi sikuwa nikijilaumu mimi.

Matroni alitimiza ahadi. Nilipewa kile chumba, nikazikusanya leso zote nikazichoma nyuma ya jikoni. Mlitaka ya kuwatia moyo, ndiyo hiyo. Hakuna aliyefungwa tena kwenye kiti pale. Nilisimama kando ya ule moshi nikingoja kufurahi, kisha nikarudi ndani kwa sababu ilikuwa saa ya kumlisha Cucu Wangeci, naye alikuwa amekataa.

Wachira alipoona mamake amebaki mifupa, akatuma habari Kutus. Mzee Ndirangu akaja. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti kubwa na fimbo, amebeba mfuko wa mchele wa Mwea na kuku hai. Nilimwingiza kutoka mbele, upande wa mwanga, kama inavyotakiwa. Nikamwambia aseme jina lake. Alipiga magoti kando ya kitanda, kwa shida, akamshika dadake ule mkono wa kushoto.

"Wangeci, ni mimi, Ndirangu. Sikushikwa. Nitazame. Sikushikwa mimi."

Alimtazama kwa muda mrefu sana. Mimi na Wachira tulikuwa mlangoni. Nilidhani tumempata.

"Ndirangu ni kijana," akasema. "Wewe una mvi. Mmemfanya nini, hata mnaniletea mzee wa kuvaa jina lake?"

Akautoa mkono wake, akageukia ukutani. Hakugeuka tena siku ile, na hazikupita siku nyingi tukamzika.

Nilimsindikiza Mzee Ndirangu hadi kwenye benchi la nje. Alikaa na mikono juu ya fimbo. Hakulia. Baadaye akaniuliza, si kwa hasira, bali kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Mama, wale walimfunga, wakamchapa, wakamvunja kidole, na hakusema. Sasa nyinyi hapa mlimfanyia nini?"



"Tulikuwa na mtihani, mzee," nikamwambia.